Diski Bila Mashine

Wakati wa vita, watu wenye bunduki waliingia kwetu wakabeba mashine yangu ya michezo ya video. Diski zake walizimwaga sakafuni, wakazikanyaga kwa mabuti wakitoka. Mpaka leo hasira hainiishi. Mtu anaiba kinu, anaacha mchi?

Niliziokota zote. Hapa Kindu kila kitu kinaota ukungu, kwa hiyo nilizifunga kwenye kitambaa na kuzifukia ndani ya mfuko wa mchele, unyonye unyevu. Miaka imepita, nimeoa, na bado ziko mchelini. Kila akienda kuchota, mke wangu ananiuliza, "Hayo mayai yako yataanguliwa lini?"

Juzi jirani aliyehamia mtaani kwetu alikuja. "Papa, nasikia uko na diski za zamani. Miye niko na mashine tu."

Nilizitoa mchelini, nikamfuata kwake nikiwa na furaha ya kitoto. Mashine ilikuwa mezani, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na alama ya pasi ya makaa. Pasi hiyo aliiweka pale dada yangu kabla ya vita, na siku ile nilimgombeza mpaka akalia.

"Ulitoa wapi hii?"

"Niliuziwa sokoni, papa. Ni zamani."

 Nilifuta diski moja kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, nikaiweka. Picha ilitokea, ikakwama. Jirani akachomoa diski, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona mikwaruzo ya buti, akatikisa kichwa.

"Lakini papa, mbona haukuichunga muzuri?"