Sala Iliyokosa Amina

Jambo hili linanitia aibu mpaka leo, na wale waliokuwepo wakikutana nami njiani bado hunisalimu haraka haraka huku wakipita, lakini acha niliseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine wakalitia chumvi (ingawa kusema kweli halihitaji chumvi).

Mimi ni fundi cherehani hapa Lubao, na ndimi kiongozi wa ushirika wetu wa maombi wa nyumbani, ule wa Alhamisi alasiri. Siku tatu kabla ya mkasa wenyewe, rafiki yangu Metrine alikuja kibandani kwangu, akakaa, akalia. Mumewe Shadrack alikuwa ameachishwa kazi ya ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na kwa vile mama yake mzazi alikuwa amekuja kukaa nao akitibiwa miguu, mwanamume yule kila asubuhi alikuwa anavaa ovaroli yake ya kiwandani, anaaga vizuri, halafu anakwenda Kabras kukata miwa, na jioni anaoga mtoni kuondoa masizi ya miwa iliyochomwa ndipo arudi nyumbani.

"Mama akijua atavunjika," Metrine aliniambia. "Huyu mama anajivunianga hii kazi ya mtoto wake kuliko kitu chochote. Usiambie mtu."

Nikaapa sitamwambia mtu. Na niliapa kwa dhati, hilo mlielewe.

Alhamisi zamu ya ushirika ikawa kwa Metrine. Tulikuwa wanawake saba, na Kukhu Robai, huyo mama mkwe (kukhu kwetu ni bibi), ameketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Nikafundisha juu ya kutiana moyo (chekeni tu). Ikabaki sala ya kufunga, na Metrine akaninong'oneza niifupishe maana chai inapoa. Ningesema maneno mawili tukanywa chai, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilipoanza tu, Kukhu Robai akaitikia "Amina" kwa sauti nzito ya kutoka tumboni, na mimi nikiitikiwa hivyo sijiwezi. Nikaamua kutaja kila nyumba kwa jina.

Nikamwombea mwenye ng'ombe mgonjwa, Amina. Nikamwombea mwenye binti wa mtihani, Amina. Nikafika kwa wenye nyumba, macho nimeyafumba kabisa, mikono juu, sauti imepanda, na mdomo ukakimbia mbele yangu: "Mkumbuke mtumishi wako Shadrack, tangu kiwanda kimwachishe kazi, anavyoteseka kukata miwa huko Kabras, Bwana, mpe kazi nyingine kabla mama yake hajajua."

Nikangoja Amina, haikuja. Ndipo nikasikia nilichosema. Macho sikuyafumbua, kwa sababu niliona nikiyafumbua tu basi litakuwa limeshatokea, kwa hivyo nikaendelea kuomba, nikaombea mvua, nikaombea wasafiri, nikaombea serikali, nikaombea mataifa ambayo hata sijui yako wapi, jasho linanitiririka mgongoni, na hakuna aliyeitikia hata mmoja. Mwishowe nikaishiwa na mataifa.

Nilipofumbua, Metrine alikuwa amesimama na birika mkononi, ananitazama. Wengine wote walikuwa wanatazama mlangoni. Nikageuka, na Shadrack alikuwa hapo, kichwa bado kina maji ya mtoni, na sikujua amesimama tangu lini.

"Shadrack," Kukhu Robai akasema polepole, "huyu anasema ukweli?"

Angeweza kukana. Niliona kabisa anavyotafuta uongo, na moyoni nikamwombea aupate (kiongozi mzima wa ushirika, namwombea mtu apate uongo).

"Ni kweli, mama."

"Leta mikono."

Akapiga magoti mbele ya kochi, akampa. Mama yake akavigeuza viganja, akayapapasa malengelenge moja baada ya jingine, machozi yanamtoka bila sauti. "Na mimi kila jioni nakuulizanga mashine ziko aje," akasema, "na wewe unanijibunga." Shadrack, mtu mzima yule, aliinamisha kichwa mbele ya wanawake saba, na picha hiyo hainitoki.

Chai hatukunywa. Kwa kawaida Metrine hutusindikiza mpaka barabarani, siku hiyo akaishia mlangoni. Nikamwambia, "Dada, nisamehe, mimi nilikuwa namwombea tu."

Alinijibu bila hasira, na afadhali angenitukana. "Kwa Mungu nilikuwa nimeenda mwenyewe, Mama Linet. Kwako nilikuja nipate mtu wa kukaa na mimi."

Kesho yake nilirudi kuomba msamaha, wakanisamehe wote watatu, hata Kukhu. Sala ya kufunga nimemwachia mwingine, na nimeweka nadhiri kwamba neno la mtu likiingia sikioni mwangu halitatoka tena, hata kwa jina la maombi, mpaka nazikwa. Metrine bado anakuja ushirika na bado ananiletea nguo nishone. Mwezi uliopita alilazwa hospitalini siku nne. Mimi nilikuja kuambiwa na watu wa sokoni, akiwa ameshatoka.