Kitambaa cha Mama Neema Juu ya Kompyuta

Mimi niliyeanza na baiskeli moja ya kubebea sangara hadi nikamiliki magari mawili, tena kwa darasa la nne tu, nilitangazia soko zima kwamba naingia chuo cha kompyuta. Wakacheka. Nikawaambia, "Subirini."

Siku ya kwanza nilishangaa. Mashine ya thamani vile imekaa uchi kwenye vumbi! Kwangu hata redio ina kitambaa. Kesho yake nikaivisha yangu kitambaa kizito alichofuma mke wangu, Mama Neema, kikaning'inia hadi nyuma. Wenzangu wakakisifu.

Basi, kila nikikaribia kumaliza zoezi, mashine inazimika na kazi yote inapotea. Za vijana zinawaka tu. Siku ya nne nikaamini kichwa changu ndicho kibovu, nikaenda kumuaga mwalimu, binti wa umri wa mwanangu.

"Shikamoo, baba. Hebu kwanza tuione." Akagusa nyuma ya mashine, akarudisha mkono haraka. "Inaungua! Baba, inapumulia huku, nawe umeifunika blanketi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka kuwashinda wote. Kumbe kichwa changu kizima!