Mwalimu aliyeacha kuwatoa watoto nje ya darasa

Saa mbili na robo asubuhi, somo la hesabu limepamba moto darasa la sita, na dawati moja karibu na dirisha linapigwa kama ngoma. Vichwa hamsini na saba vinageuka. Mpigaji ni binti wa miaka kumi na miwili. Wenzake wamembandika jina la Redio kwa sababu, wanasema, hana kitufe cha kuzimia.

Mwalimu hapandishi sauti. Anaweka chaki, anapenya katikati ya madawati, anainama.

"Mwanangu, malizia hesabu mbili tu. Halafu tutoke, uniambie."

Dawati linanyamaza.

Mama huyu wa miaka hamsini na mitano ameshika chaki kwa miaka thelathini. Anakiri kwamba muhula uliopita Redio alimtoa jasho. Alipiga mbinja, akajibu maswali asiyoulizwa, na kipindi cha dakika arobaini kikabaki na kumi. Walimu wenzake walimshauri amtimue.

"Nilikuwa nimefika hapa," anasema, akigusa koo. "Lakini nikajiambia, nisigombane na moshi kabla sijauona moto."

Jumamosi moja akaenda kwao. Alimkuta Redio akimuuliza bibi yake chumvi iko wapi, kwa sauti iliyofika barabarani. Bibi ni mzito wa kusikia. Mama mtu yuko nchi ya mbali, anafanya kazi za ndani, huu mwezi wa kumi na moja.

"Nyumbani usipopiga kelele hujibiwi," Redio anamwambia mwandishi, macho chini. "Mama alikuwa ananisikia hata nikinong'ona."

Tangu siku hiyo wana mapatano. Redio anakaa dawati lile la karibu na dirisha. Mawazo yakimzidi, anainua kidole, anatoka kunawa uso, anarudi. Na kila Ijumaa wakati wa mapumziko, mama akipata nafasi, mwalimu anampa simu yake.

Mara ya kwanza, mwalimu alijiandaa kwa makelele. Redio aliibana simu sikioni, dakika nzima hakutoa neno. Upande wa pili mama aliita, "Upo, mama? Upo?"

"Nipo," binti akanong'ona. "Nakusikiliza tu."

Mwalimu akatoka nje, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Mambo hayajawa shwari kabisa. Wiki iliyopita tu Redio alimmwagia mwenzake maji. "Mtoto si taa, useme unawasha unazima," mwalimu anacheka.

Kisha kicheko kinamwisha. Miaka kumi na tisa iliyopita, anasimulia, alimtoa darasani mwanafunzi mwingine msumbufu, akamwambia asirudi bila mzazi. Hakurudi tena. Baadaye mwalimu akaja kusikia kwamba hakuwa na mzazi wa kuja naye.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema taratibu. "Lakini kiu inabaki. Mpaka leo nikiita majina asubuhi, la kwake linanijia mdomoni."

Amebakiza miaka mitano kustaafu. Ameambiwa kijana yule sasa ni mtu mzima, fundi viatu katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Likizo ijayo atapanda basi hilo.

"Siendi kumtaka anisamehe," anasema. "Naenda kumuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile: mwanangu, kuna nini?"