Mrenda Juu ya Mayai ya Samaki

Samaki ninaowafuga hapa mtaani Umoja hawazidi urefu wa kidole cha mwisho, na hakuna mgeni aliyewahi kuwaona bila kuuliza watakuwa wakubwa lini. Hawatakuwa. Wala hawaliwi. Asili yao ni vidimbwi vya mvua huko kwetu Ukambani, ambavyo kiangazi kikija hukauka mpaka ng'ombe wanapita katikati bila kulowa kwato. Samaki wote hufa, ila wanakuwa wameshazika mayai topeni, na mayai hulala humo yakingoja mvua nyingine. Mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko ya watu wengi ninaofanya nao kazi.

Kidimbwi nilikotoa wangu kilifukiwa kupisha barabara. Nilipokwenda kukitazama nilikuta kokoto na mashine ya kushindilia, nikalia, na dereva wa mashine akanipa pole akidhani nimefiwa. Kwa hiyo wale waliokuwa kwenye tangi langu sebuleni ndio waliosalia wa kidimbwi kile. Nao wakafa wakati wao ulipofika. Kikabaki kikopo cha mafuta ya kupikia kilichojaa maganda ya nazi yaliyosagwa, yale meusi laini yanayouzwa kwenye maduka ya mbegu, na ndani yake mayai madogo kuliko punje za wimbi. Ukikifungua, ungeapa ni udongo.

Mwaka huohuo baba mkwe alifariki, na mama mkwe akaja kutoka Bungoma kukaa nasi kidogo apunguze mawazo. Mama huyu hajui kukaa bure. Kabla hajamaliza wiki alikuwa ameshapanga upya masufuria yangu na kuwafundisha majirani kufuga kuku. Jioni moja nikatoka kazini nikamkuta kwenye roshani, mikono imechafuka mpaka kwenye viwiko, amefurahi kuliko nilivyomwona tangu matanga.

"Nimekupandia mrenda," akasema. "Hapa kwenu udongo ni wa kutafuta na tochi, lakini nimepata mwingine mzuri sana kwa kabati. Laini kama unga."

Mitungi miwili ya plastiki iliyokatwa ilikuwa imejaa mayai yangu. Nikasema asante mama, nikaingia chumbani, nikauma mto.

Mume wangu ni mtoto wa Umoja, na moyo wake hauna haraka. "Si ni soil tu?" akasema. "Cheza chini, mathe asikuskie. Leo ndio nimemwona akicheka."

Hapo ndipo nilipokwama. Mkamwana hang'oi alichopanda mama mkwe. Ukifanya hivyo kwa mwenye umri wake, tena mjane, umemwonyesha njia ya stendi ya basi. Na yeye, kila asubuhi, alitoka na jagi kumwagilia. Mayai hayo yanataka unyevu kidogo tu, si kuoshwa kila siku. Yakizidishiwa maji huoza, au huanguliwa kabla ya wakati mahali pasipo na maji ya kuogelea. Nikaanza vituko. Niliamka kabla yake nikalowesha majani kwa vidole, kisha nikatangaza kwa sauti kwamba nimeshamwagilia. Akanisifu kwa bidii, halafu akamwagilia tena.

Kisha bomba likakatwa, kama kawaida yetu. Mtaa mzima ulilalamika, akina mama wakapanga mitungi barabarani, na mimi peke yangu katika Umoja yote niliomba maji yasirudi. Mama mkwe naye akaanza kuumwagia mrenda maji ya kuoshea mchele. Nikaona sasa adabu itaniulia samaki. Nikamwandalia chai, nikaketi kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza yote, kuanzia kidimbwi, barabara, mpaka mayai.

Akaweka kikombe chini. "Samaki hawatoki kwa udongo," akasema mwishowe. "Kwetu huanguka na mvua. Unaamka unawakuta kwa barabara."

"Mama, hao pia walikuwa ardhini."

Akatafuna mdomo. Akatazama mitungi, mrenda umeshapanda juu, ndio kwanza unafaa kuchumwa. "Kwa hivyo mimi nimekuwa nikilima juu ya watoto."

Alienda mwenyewe. Aling'oa shina moja baada ya jingine, akakung'uta mizizi juu ya beseni taratibu, miwani imeteremka puani, na punje zilizong'ang'ania akazitoa kwa ukucha. Mrenda ule tuliula na ugali. Sikuonja utamu wake hata kidogo.

Tukaumwagia udongo maji niliyokuwa nimeyalaza kwenye ndoo ili dawa ya bomba itoke. Asubuhi yake mama mkwe ndiye aliyeniita, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Kwenye beseni kulikuwa na vitu vinavyotembea, vidogo kama kope zilizopewa macho. Walikuwa wachache mno. Wengine walikufa bila kueleza sababu, tukabaki na wawili, tukawahamishia kwenye tangi, wote wa kijivu. Majike huwa wa kijivu maisha yao yote, na majike wawili ni mwisho wa ukoo. Mama mkwe alitakiwa arudi nyumbani kuvuna mahindi. Akapiga simu kwamba mahindi yasubiri.

Tulichungulia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Siku moja mkia wa mmoja ukawa na wekundu kidogo, na mpaka wiki iliyofuata bwana alikuwa amevaa mwili mzima, nyekundu na buluu, akimzunguka mwenzake mapezi wazi. Nilimkumbatia mama mkwe, jambo ambalo kwao halifanywi ovyo. Akavumilia.

"Huyu anaringa sana kabla ya kazi," akasema. Lakini alivuta kiti akaketi hapo mpaka chai ikapoa. Wakataga kwa wingi katika udongo uleule, wakazeeka haraka, wakafa wakifuatana. Mama mkwe alitazama tangi tupu. "Afadhali hawa," akasema, "hakuna aliyebaki nyuma sana."

Siku ya kusafiri alikuja jikoni na kikopo kitupu. "Nigawie nusu."

Nikajifanya sijasikia. Nilijua kwamba njiani kuna jua, na nyumbani kwake kuna kuku.

"Mbegu haikai nyumba moja," akasema. "Sisi ukivuna unampa mwenzako kidogo, ili yako ikiharibika uwe na mahali pa kuomba. Nyinyi mnakaa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akiwatoa?"

Nikamgawia. Mkono ulikuwa mzito, nakiri, na nikampa maagizo mpaka mume wangu akanikanyaga mguu. Nikalala vibaya.

Kesho yake akapiga simu. Hakuuliza hata habari ya mwanawe.

"Mbegu yetu imefika salama," akasema. "Nimeiweka chumbani, kwa kitanda, upande wa baba yenu. Pale hakuna mtu hugusa."