Mshono mmoja wa boti, na tunda tulilozika badala ya baba

Wakuu, habari zenu. Leo sina vichekesho.

Mnaonijua humu mnajua kazi yangu ni kubishana mambo ya mpira. Lakini hii nimeibeba zaidi ya miaka ishirini na imenichosha. Nitaisema yote, hata pale inaponichafua.

Dada yangu Atieno husoma humu. Haya hajawahi kuyasikia. Atieno, kaa chini kwanza.

Baba yetu alikuwa fundi wa boti pale Dunga, Kisumu. Watu walimwita Fundi tu, hata pasta. Miaka ya themanini, nikiwa primary, ilikuwa kawaida kuona mama fulani anakuja na kijana wake aliyemaliza form four na hana kazi. "Fundi, nisaidie na huyu."

Baba hakukataa mtu, na hakuitisha kitu. Alikuwa na sheria mbili. Kwanza ujue kuogelea, kwa sababu wavuvi wetu wengi hawajui, cheka kama unataka. Pili, kila mshono kati ya mbao unajazwa pamba mara mbili. Unajaza, unaacha siku moja, unarudia.

Halafu alikuwa na desturi yake. Boti ya mwanafunzi ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kuiingiza majini, peke yake. Mwenye boti anabaki ufuoni akiangalia.

"Kama ni mbovu, izame na mimi niliyekufundisha," alikuwa akisema.

Ukikosea kazi hakukugombeza mbele ya watu. "Njoo nyuma ya boti tuongee." Mkitoka huko hakuna anayejua mlichoongea. Wanaume wengi wa pale walilelewa nyuma ya boti, wakuu, na wengine walikuwa na baba zao nyumbani.

Jioni alikula na sisi, hakuna siku ya kukosa. Atieno alikuwa anatolewa miba ya samaki mpaka class seven. Mama alilalamika, "Huyu ataolewa na nani, hajui hata kula ngege!" Baba anaendelea tu kutoa miba.

Sasa ile sehemu yenyewe.

Miaka ya tisini, magugumaji yamefunika ziwa, mimi nikaanza boti yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kichwa kikubwa. Ilibaki kurudia pamba kwenye mshono mmoja, kule nyuma chini. Ilikuwa Ijumaa, na tao, Kisumu mjini, kulikuwa na mechi.

Nikapaka rangi juu, nikaenda mpira.

Jioni akaniuliza, "Umerudia yote?"

"Yote, Baba."

Akacheka. "Wewe na huo mpira mtaoana siku moja." Hakukagua. Boti za wengine alikuwa anapitisha kidole kila mshono. Yangu aliniamini.

Boti iliingia majini Jumatano. Nilikuwa na siku tano za kusema.

Asubuhi hiyo tulisimama ufuoni, mimi na Ouma, wa rika langu, naye alifundishwa na Baba. Baba akatoka vizuri, akatupungia kasia. Upepo ukageuka. Magugumaji yakaja kama shamba zima linalotembea, yakafunga kati yetu na yeye.

Tulimwona ameacha kupiga kasia. Akainama. Akaanza kuchota maji na mkebe.

Ouma akaniangalia.

Boti ikalala upande. Baba alijua kuogelea kuliko mtu yeyote Dunga, lakini kwa magugumaji huogelei, mizizi inakushika miguu. Watu walisukuma boti tatu kumfuata na hakuna iliyopenya. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikaisha. Aliinua mkono mara moja. Sijui kama alikuwa anaita ama anatuambia tusiingie.

Siku ya tatu upepo ulirudisha boti. Mimi na Ouma ndio tuliigeuza. Ule mshono ulikuwa wazi, pamba inaning'inia. Ouma alipitisha kidole pale.

Mwili haukupatikana.

Kwetu Wajaluo mtu akipotelea majini, mwili usipoonekana, kunazikwa yago, lile tunda refu zito la mti, kwa kaburi lake nyumbani. Bila hivyo hajarudi, na waliobaki hawawezi kumaliza matanga. Baba mdogo akaja kutoka dala, yaani boma letu upande wa Bondo. "Tuchimbe sasa. Ndugu yangu asilale nje."

Nikakataa. Nilisimama mbele ya wazee nikahubiri. Eti sisi ni watu wa kanisa, hatuziki matunda, tungoje mwili. Mama aliniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma. Akawaambia, "Kijana wangu mkubwa amesema tungoje." Wazee wakakubali.

Dini ilikuwa kisingizio, wakuu. Niliogopa kusimama kwa kaburi ambalo nimelichimba mwenyewe.

Tukangoja karibu miaka miwili. Kila mwezi Mama alitoa koti la Baba la Jumapili, akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha kwa sanduku. "Akipatikana asikose ya kuvaa." Nilikuwa namwangalia nikinywa chai. Shenzi mimi.

Presha ikamchukua Mama, mwezi wa mvua.

Tukampeleka dala. Mjue kwetu mke huzikwa kushoto kwa mumewe. Vijana wa kuchimba wakasimama na jembe, mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mkubwa, tunachimba kushoto kwa nani?"

Mama yangu alikosa mtu wa kulala kando yake kwa sababu yangu. Baba mdogo alipima kwa hatua zake, akaacha nafasi tupu ya Baba, akasema, "Hapa."

Wiki hiyohiyo nikaenda mwenyewe kutafuta yago. Tuliivalisha lile koti. Lilikuwa bado na mstari wa pasi ya Mama.

Wanafunzi wa Baba walijaa lile boma, watu wazima na watoto wao, wanalia kama wamefiwa na baba mzazi. Kila mmoja alisema alichoambiwa nyuma ya boti. Ikafika zamu yangu. Nilifungua mdomo niseme ule mshono.

Ouma alinishika mkono. "Omera, ndugu yangu, wacha. Mzee hakuaibisha mtu mbele ya watu."

Nikanyamaza. Niliona ni huruma, na kwake ilikuwa huruma kweli. Kwangu ilikuwa mlango wa kutorokea, na nimetoroka mpaka leo. Ouma tumemzika mwezi uliopita. Sasa nimebaki peke yangu na hii kitu.

Nilichojifunza ni kidogo. Kosa lilikuwa la mchana mmoja tu. Kilichomnyima Mama mahali pake ni ule ukimya wangu, na nilikuwa nimeuvalisha kanzu ya dini. Kama kuna mshono unaujua wewe peke yako, sema kabla boti haijaingia majini.

Comments ziko wazi. Nitukaneni, sitajibu.

Atieno, uliniuliza siku ile ya kuzika yago mbona natetemeka kuliko wote, nikakwambia ni malaria. Mimi ndiye niliacha ule mshono. Jumamosi nitakuwa dala, nafyeka nyasi kwa makaburi yao. Ukija, tutaongea. Usipokuja, nitaelewa.