Oili ya Lori Ndani ya Mashine ya Gia

Nakumbuka, mwanangu, msimu mmoja wa kahawa nikiwa fundi kijana hapa Nyeri, miaka michache baada ya uhuru. Karakana yetu ilikuwa na mashine moja kuukuu ya kuchongea gia. Aliyeijua vizuri ni Mzee Gichuki, fundi mkuu, na wakati huo alikuwa kwao Kerugoya akimuuguza mkewe.

Giaboksi ya mashine ikapungukiwa na oili. Mzee alikuwa ameniambia nikikwama nimpelekee ujumbe. Sikupeleka. Niliona mkebe wa oili nzito ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma ya lori, nikajiambia nzito ndiyo hulinda gia, nikajaza. Kusema kweli, nilitaka akirudi akute kazi imeenda bila yeye.

Miezi miwili baadaye mzee alirudi, na wiki hiyo hiyo mashine ikakwama. Tulikuwa tukichonga gia ya mashine ya kumenya kahawa ya kiwanda cha kahawa, na wenye kiwanda walikuwa wameahidiwa kuipata mchana huo. Mzee akamwaga oili. Ilitoka nyeusi, ikimetameta kwa vumbi la njano. Akainusa.

"Uliweka ya difu?"

"Ndiyo, mzee. Nilifikiri nzito ni nzuri."

"Humu kuna gia za shaba. Oili ya difu ina dawa ya kulinda chuma. Ikipata moto inakula shaba. Ulimuuliza nani?"

"Hakuna."

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Basi nenda kiwandani uwaambie wewe mwenyewe."

Nilikuta akina mama kwenye foleni na magunia ya kahawa mbivu waliyochuma tangu alfajiri. Kahawa ikilala bila kumenywa inaharibika. Niliwaambia gia haiko, na kosa ni langu. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mjamzito alifunga gunia lake upya, akaniambia, "Basi nibebee." Nililibeba mpaka kiwanda cha ng'ambo ya bonde, nikarudi kwa la mwenzake, na la mwingine.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla ya kutia oili kwenye mashine ya zamani, soma kibati chake cha maelezo. Kikiwa kimefutika, fungua uone gia ni za nini. Ukiona shaba, tafuta oili ya mashine isiyo na dawa kali. Uzito peke yake hautoshi. Na usipojua, uliza, hata kama anayejua ni yule unayetaka kumpita. Mimi niliona haya kuuliza, na walioumia ni watu ambao hawakuwahi hata kuiona mashine yetu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na akupe wa kukurekebisha kwa upole.