Albamu ya Jukwaani Aliyoipenda Mjomba

Kwa nini mtu aliyenifundisha kusikiliza gitaa aipende albamu ambayo gitaa lake halisikiki? Swali hilo lilinishinda Jumapili moja huko Nanyamba, na kwa kushindwa nalo nilikaribia kumpoteza mwenzangu wa kusikiliza muziki.

Mdogo wangu, sina mvi za kukuita mwanangu, lakini nimekutangulia kidogo. Nivumilie.

Mwenzangu huyo ni Mjomba Rashidi, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde mjomba si mgeni wa sikukuu; ningeharibikiwa, yeye ndiye angeulizwa. Ujanani alinunua kaseti ya mwanamuziki mmoja wa roki kwenye duka la Mhindi pale Mikindani, na nilipokuwa mdogo akanikalisha kando ya redio. "Sikiliza hapa, hapa! Gitaa linalia kama mtu." Nikakua nampenda mwanamuziki yule kuliko wasanii wote wa rika langu. Chuoni walinicheka, sikujali.

Basi mwanamuziki huyo akatoa albamu aliyorekodi jukwaani, mbele ya mashabiki. Niliipakua nyumbani Likombe, nikajizuia kuisikiliza, nikapanda basi na spika yangu hadi kwa Mjomba ili tuisikie pamoja.

Niliichukia toka wimbo wa kwanza. Ngoma na besi zimefunika kila kitu, watu wanapiga kelele, na kila kiitikio kikifika yeye mwenyewe ananyamaza, anawaachia wao. Gitaa liko mbali, kama linapigwa nyumba ya jirani.

Mjomba alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, anatikisa kichwa kwa raha.

"Mjomba, zima. Huyu katudanganya."

"Nizime nini? Mwache mwenzio aimbe."

"Nani anaimba? Wanaimba waliolipa kiingilio!"

Mkewe, aliyekuwa anabangua korosho kibarazani, akacheka. "Na wewe ulilipa? Tulia basi."

"Hii nzuri kuliko ile ya zamani," Mjomba akasema. "Ile siku hizi naiona imepooza."

"Imepooza? Ile haijabadilika hata kidogo! Wewe ndiye umebadilika, Mjomba. Siku hizi unapenda kelele tu."

Alinitazama mdomo nilipokuwa nasema, kisha akatabasamu. "Haya, mpwa wangu. Yako chukua, hii niachie."

Nilirudi Likombe nimenuna. Nikaiponda albamu mtandaoni kwa hoja zilizopangwa vizuri, mashabiki wenzangu wakanisifu. Jumapili zikaanza kupita bila mimi kwenda Nanyamba. Yeye hakuniita, nami nikajiambia kwamba watu hupishana ladha, yanatokea.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza sababu, na hii sikuwa nayo. Mtu hapotezi ladha ya maisha yake yote hivihivi. Nikarudi, nikaweka wimbo ule wa zamani, ule wa gitaa linalolia, nikamtazama. Mjomba alikaa ameinamia spika, anasubiri. Gitaa likaja, likalia, likapita. Bado anasubiri.

"Limeshafika?" akaniuliza.

Nikaizima, nikaweka ya jukwaani. Kiganja kikarudi juu ya spika, kichwa kikaanza kutikisika, na safari hii nikakaa mpaka mwisho.

Albamu ile bado naiona mbovu, mdogo wangu, sifuti hata neno. Ninachokuomba ni hiki: mtu akipenda usichokipenda, muulize kwanza anasikia nini, kabla hujamwambia anakosea. Hoji kila kitu, mimi mwenyewe sijaacha, ila usiende na jibu mfukoni. Mungu akutunzie masikio, akupe na mtu wa kukaa naye kando ya spika, na mkitofautiana asikuache uondoke na hasira.

Muda mrefu baadaye tulimpeleka Mjomba hospitali mjini Mtwara. Mpimaji wa masikio alituambia kwamba sauti nyembamba zilikuwa zimempotea miaka mingi, akabakiwa na zile nzito, na kwamba chanzo chake ni ile mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, inayobebwa mgongoni na injini ikinguruma karibu na sikio. Mama ndiye aliyeniambia njiani tukirudi: shamba la Mjomba ni dogo, halihitaji mashine. Alikuwa akipulizia mashamba ya watu kwa ujira, kila msimu niliokuwa shuleni.